Bi mkubwa wa magurudumu mawili

Nakuandikia kutoka Kawetele, Tukuyu. Mvua ipo, ndizi zipo, na matope yapo ya kumtosha kila mtu.

Katika ukurasa huu nimezoea kuwashauri ninyi. Huyu kakuta meseji kwenye simu ya mumewe, yule mama mkwe hampendi, mwingine anauliza asamehe au asisamehe. Mwezi huu naomba nishuke kwenye kiti cha mshauri, nikae kwenye benchi la mshitakiwa. Nataka kukwambia jinsi nilivyotaka kuuza pikipiki ya mume wangu bila yeye kujua. Na si kutaka tu. Advansi nilishaipokea, nikaifunga kwenye ncha ya kitenge.

Usinihukumu bado. Tulia nikusimulie.

NILIMKUTA NDANI YA NYUMBA

Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125, toleo la mwaka 1990. Baba Watoto aliinunua mnadani mwaka 1996, mradi mmoja ulipofunga shughuli zake, wakati huo ikiwa imetembea kilomita 29,000. Sisi tulifunga ndoa mwaka 1997. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi: yeye ni bi mkubwa, mimi bi mdogo. Mawifi walinitania hivyohivyo siku ya harusi, nami nikacheka sana na shela langu. Kumbe walikuwa wananitabiria.

Baba Watoto ni bwana mifugo. Anayeijua Rungwe anaelewa maana yake. Huku kwetu nyumba nyingi zina ng'ombe wa maziwa nyuma ya migomba, na ng'ombe hachagui saa ya kuumwa. Saa nane za usiku mtu anagonga, "Bwana mifugo, ndama kakwama!" Huyo anavaa koti la mvua, anapiga kiki, anapotelea kwenye ukungu. Leo Masoko, kesho Masukulu, keshokutwa Isongole. Pikipiki hiyo ndiyo iliyotulisha, sikatai. Ndiyo iliyojenga hata hii nyumba ninamoandikia.

Geji yake ya kilomita ina tarakimu tano tu. Mwaka 2005 ilipokaribia 99,999, Baba Watoto alikuja nyumbani mbio kunichukua mimi na mtoto mkubwa, akatupakia, tukaenda polepole barabara ya Katumba katikati ya mashamba ya chai. Mimi nilidhani tumealikwa mahali. Kumbe ametuleta tushuhudie namba zikigeuka! Zikageuka kweli, sifuri tano zikajipanga kama wanafunzi paredi. Akazima injini, akaipapasa tenki, akasema, "Imezaliwa upya." Mwaka 2021 ikazaliwa tena mara ya pili. Leo inasoma 17,000 na ushee, maana yake imetembea kilomita 217,000. Mzunguko wa dunia nzima pale kwenye ikweta ni kama kilomita 40,000. Kwa hiyo bi mkubwa ameizunguka dunia zaidi ya mara tano, na hajawahi kufika mbali kuliko Mbeya na Kyela.

WIVU WA CHUMA

Sasa nikwambie kilichokuwa kinaniuma. Si hela peke yake, ingawa hela nazo zilikuwepo. Kilichoniuma ni Jumamosi.

Kila Jumamosi asubuhi Baba Watoto alitandaza gunia uani, akapanga spana zake kwa ukubwa, akakaa kwenye kigoda. Halafu anafanya kitu kimoja ambacho mpaka leo nikikiona nacheka kwa uchungu. Anawasha injini, anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini na mpini anauweka sikioni, kama daktari na mgonjwa. Anafumba macho. Anasikiliza.

Nikija nikasema, "Baba, bati la jikoni linavuja," ananyoosha mkono bila kufumbua macho. "Subiri kidogo, mama."

Jamani! Injini ikikohoa mara moja anajua ni plagi au ni kabureta. Mimi nikikohoa wiki nzima ananiuliza kama nimekunywa maji ya moto. Hapo ndipo sumu ilipoanza kuingia moyoni. Nikawa najisemea kimoyomoyo: mwanaume huyu masikio anayo, ila si ya kwangu.

Na kwa kuwa nilikuwa nakaa mlangoni nikichambua mboga huku nimenuna, nilijifunza mambo ya pikipiki bila kutaka. Ngoja nikupe, maana najua wasomaji wangu wengi siku hizi nyumbani kuna bodaboda, ya mume, ya mtoto au ya kwako mwenyewe.

Kwanza kabisa ni oili. Injini ile inabeba kama lita moja tu, na oili hiyohiyo moja ndiyo inayolainisha injini, gia na klachi. Haina filta kubwa ya kubadilisha kama ya gari, ina kichujio kidogo cha waya na kikombe kinachozunguka kukusanya uchafu. Sasa lita moja ikifanya kazi ya watu watatu lazima ichoke haraka. Baba Watoto anaibadilisha kila kilomita 1,500, injini ikiwa bado ina joto ili uchafu utoke pamoja na oili. Hajawahi kuruka hata mara moja. Mimi mwenyewe siku zangu za kuzaliwa amezisahau nyingi tu.

Pili, vali. Hizi hupimwa alfajiri kabla injini haijawashwa, ikiwa baridi kabisa. Kuna kipande chembamba cha chuma kinachopitishwa kwenye nafasi, milimita 0.08, yaani kama unene wa karatasi ya daftari. Ikibana sana vali inaungua, ikilegea sana injini inapiga kelele kama cherehani.

Tatu, filta ya hewa. Ya kwake ni ya sponji. Inafuliwa kwa sabuni, inabanwa taratibu bila kukamuliwa kama dekio, inakaushwa kivulini, kisha inapakwa oili kidogo ndipo inarudishwa. Vijana wengi wanaitoa wakaitupa wakidhani pikipiki itakuwa na nguvu. Itakuwa nayo kweli, kwa muda mfupi, halafu vumbi linasaga pistoni na ringi.

Nne, cheni. Ikichoka, inabadilishwa pamoja na sproketi zake zote mbili. Ukiweka cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka, meno yanaila cheni ndani ya muda mfupi. Hela umetupa.

Tano, na hili nawaomba mlisikie wenye waume wanaoshuka Kyela. Kutoka Tukuyu hadi kule chini unateremka karibu mita 1,000. Wapo wanaoweka gia huru na kuzima injini eti wanabana mafuta. Breki za ngoma zikibeba mteremko wote ule peke yake zinapata joto, zinaacha kushika, na zikiwa zimelowa ndiyo kabisa. Baba Watoto anateremka na gia, injini inamsaidia kushikilia. Na kofia ngumu kichwani, hata kama anakwenda dukani tu.

Haya yote nilikuwa nayasikia kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa linahesabu hela za spea.

SIKU NILIYOPOKEA ADVANSI

Mwaka 2023 Baba Watoto akastaafu. Watoto wetu watatu wakaanza kelele. "Baba achana na huo mkweche, tukuchangie mpya." Yeye anacheka tu, anasema ataangalia. Mimi nikawa upande wa watoto. Pikipiki mpya ya shilingi milioni kadhaa, hata kama nusu ni mkopo, niliona ni afadhali kuliko chuma kilichozaliwa kabla ya ndoa yangu.

Halafu kikatokea kitu cha ajabu. Jumamosi zikakoma. Kuanzia mwezi wa tatu mwaka 2024, bi mkubwa akafunikwa turubai bandani, na Baba Watoto akawa anatembea kwa miguu. Mtu akija kumwita kwa ng'ombe, anapanda bodaboda ya kijana wa jirani. Mwezi ukapita, miwili, mitatu. Nikamuuliza, "Vipi, mmegombana?" Akajibu, "Inapumzika."

Mimi nikatafsiri nilivyotaka. Nikasema moyoni, ameichoka, ila anaona aibu kukiri. Ukweli mpenzi msomaji, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyesikia mke mwenza karudi kwao.

Mwezi wa sita, baridi ya Tukuyu mnaijua, Baba Watoto akaenda Mbeya kwenye msiba wa ndugu yake. Siku nne. Siku ya pili akaja mtu mmoja anayenunua pikipiki kuukuu na vyuma chakavu. Akafunua turubai, akazunguka, akasonya mara mbili kama wafanyavyo wanunuzi, akataja 300,000. Nikamwambia 400,000. Tukakutana katikati, 350,000. Akanipa 100,000 mkononi, nyingine siku atakayokuja na kadi ikiwa tayari. Saini ya mwenye mali? Nilijidanganya. Nikasema akirudi akakuta hela mezani na bati jipya jikoni, atasaini tu.

Nikaenda kutafuta kadi.

DAFTARI

Kadi ilikuwa kwenye sanduku la bati la spana, chini kabisa, imefungwa kwenye nailoni. Pamoja nayo kulikuwa na daftari. Yale madaftari makubwa ya mistari, jalada gumu, limelowa oili mpaka kurasa za pembeni zinapitisha mwanga. Nilijua analo, nilimwona akiandika. Siku zote nilidhani ni hesabu za oili.

Ni kweli, zilikuwa hesabu za oili. Kilomita, tarehe, kilichobadilishwa, bei. Mwaka wa kuchonga silinda mara ya kwanza, mara ya pili. Nikawa nafunua kwa hasira nione jumla ya hela zilizopotea. Nikafika hapa:

"Km 04,812. 21/4/06. Usiku, Suma hadi hospitali. Mvua. Mama na mtoto salama. Klachi inateleza, ibadilishwe."

Nikakaa chini.

Usiku ule naukumbuka, ila nilikuwa nimeuweka mbali. Nilikuwa kwetu Suma, mimba ya mtoto wa tatu, siku hazijatimia, uchungu ukaanza na damu nayo ikaanza. Gari la jirani lilikwama kwenye matope kabla halijafika hata uani. Baba Watoto alikuja na pikipiki. Mama yangu akanifunga kwa kitenge mgongoni mwa mume wangu, kama mtoto anavyofungwa. Mvua ya mwezi wa nne ya Tukuyu, taa moja, mlima na mteremko, na yeye anazungumza njia nzima. Nilidhani anasali. Baadaye akaniambia alikuwa anaongea na pikipiki.

Mtoto yule leo ni kijana mrefu kuliko baba yake.

Nikaendelea kusoma, sasa polepole.

"Km 41,600. Januari 2012. Cheni imekwisha. Mama anasema ada na sare za kidato cha kwanza kwanza. Ni kweli. Nimepunguza pingili, isubiri Machi."

"Km 58,300. Mama analalamika hela za spea. Ana haki. Tairi la nyuma livumilie."

Halafu hii, ambayo haikuwa na spea yoyote ndani yake:

"Km 77,150. Oili. Mama hasemi siku ya pili. Nimemuuliza kuna nini, kasema hakuna kitu. Kipo."

Msomaji wangu, mimi ninayewaandikia kila mwezi kuhusu mawasiliano katika ndoa, nilishindwa kusimama pale chini. Miaka yote nilidai mwanaume huyu hanisikii. Kumbe alikuwa ananisikia na anaandika. Ila kitu alichokisikia hakujua akipeleke wapi, akakiweka pale anapoweka vitu anavyotaka visiharibike. Na mimi naye, alipouliza kuna nini, nilimjibu nini? "Hakuna kitu."

Kesho yake asubuhi nikamfuata mnunuzi kumrudishia advansi yake. Nilikuwa nimeshakula 20,000 ya sabuni na sukari, ikabidi nikope kikoba. Alinisema sana. Nikasimama nikasikiliza, maana nilistahili.

ULIPATANA SHILINGI NGAPI?

Kurudisha hela ni rahisi. Kusema ndiyo kazi. Wiki tatu nilikaa na hilo jambo tumboni. Nilijua pia kuwa mji wetu ni mdogo, habari ingemfikia kwa mdomo wa mtu mwingine, na hapo ingekuwa kosa juu ya kosa.

Alfajiri moja nikamwambia, "Baba, leo tuifunue bi mkubwa, nikushikie tochi." Akanitazama kwa mshangao, ila akainuka. Tukafunua turubai. Akafungua kifuniko cha vali, akachukua kile kipande chake cha kupimia. Mikono yake ilikuwa imeinama kwenye injini, uso siuoni. Hapo ndipo nikasema yote. Mnunuzi, advansi, kadi, daftari.

Akanyamaza. Akakaza nati moja, akaipima tena. Mimi tochi inatetemeka.

"Ulipatana shilingi ngapi?"

"Laki tatu na nusu."

Akageuka, "Mama! Umepunjwa!"

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui kipi kilianza. Ila yeye hakucheka kwa muda mrefu. Aliweka spana chini akasema lililokuwa tumboni kwake na yeye.

Goti. Goti la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua tangu mwaka uliotangulia, na kufikia mwezi wa tatu alishindwa kupiga kiki. Pikipiki ile haina stata ya kubonyeza, ni kiki tu. Alijaribu siku tatu alfajiri mimi nikiwa nimelala, akashindwa. Akaifunika. Akaogopa kusema, maana aliona watoto wanazungumzia pikipiki mpya, na mpya kwake ilikuwa na maana moja tu: kwamba yeye mwenyewe amekwisha. "Nikasema nikinyamaza itapita," akaniambia.

Na mimi niliyejisifu kuwa namjua, niliona turubai nikafurahi. Sikuona goti.

KUVUMILIA SI KUTOHITAJI

Kuna jambo nililojifunza baadaye kuhusu pikipiki hii, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Honda walianza kuuza CG 125 mwaka 1976. Wahandisi wao walikuwa wameona kuwa katika nchi nyingi pikipiki zao ndogo zinakufa mapema. Watu wanazipakia mizigo kupita kiasi na hawabadilishi oili mpaka injini ilie. Badala ya kulaumu wateja, wakabuni injini ya kustahimili. Vali zake zinasukumwa na fimbo za chuma, haina ile cheni ya ndani inayotaka kukazwa mara kwa mara. Cheni ya nje nayo wakaifunika yote kwa bati isipigwe na matope. Kwa kifupi, ilitengenezwa kwa ajili ya mwenye mali asiyejali.

Ndiyo maana ikanakiliwa sana na viwanda vya China, na bodaboda nyingi zilizojaa kwetu injini zake ni za ukoo huohuo. Baba Watoto anaziita wajukuu. Na wajukuu ndio wanaomtunza bibi: silinda ilipofika mwisho wa kuchongwa, spea za bodaboda ndizo zilizotuokoa, maana vitu vingi vinaingiliana. Angalizo tu, usinunue cha bei ya chini kuliko vyote. Tulishaweka ringi za bei poa, hazikumaliza msimu mmoja wa mvua.

Sasa fikiria. Kitu kilichoundwa kuvumilia kutotunzwa, wengi wao wameshakufa. Hiki kimoja kimefika kilomita 217,000 kwa sababu kilipata mtu aliyekitunza kana kwamba hakiwezi kuvumilia hata kidogo.

Wanawake wenzangu, sisi tumefundwa kuvumilia. Kwenye kitchen party tunaambiwa vumilia, kanisani vumilia, mama zetu wanasema vumilia. Na wanaume nao wamefundwa kunyamaza, hiyo nayo ni aina yao ya uvumilivu. Wote wawili tunatembea tukiwa na lita moja ya oili chafu na hakuna anayesema, kwa sababu bado injini inawaka. Kuwaka si uzima. Mtu anayevumilia hajasema kuwa hahitaji kitu.

TULIPOFIKIA

Hatukununua mpya. Hatukuapa pia kuwa tutakufa na hii. Tulikaa tukakubaliana, mimi, yeye na watoto kwenye simu, tukaandika kwenye daftari kwa kalamu yangu mwenyewe. Fremu ikipata ufa, tunaiacha, maana fremu iliyoungwa kwenye milima hii ni kaburi. Macho ya baba yakipungua, haendeshi usiku. Na hakuna anayeuza, kununua wala kukopa kitu cha nyumba hii mwenzake akiwa msibani.

Goti tumelipeleka hospitali, anafanya mazoezi aliyopewa, limepata nafuu ila kiki bado hawezi. Kwa hiyo anayepiga kiki ni mimi. Ndiyo, mimi bi mdogo! Mara ya kwanza ilinirudishia mguu nusura niangukie ndoo. Sasa nimeizoea: unashusha taratibu mpaka unapokuta ugumu, unarudisha juu, halafu unakanyaga kwa uzito wote bila kusita. Ikisita roho yako, na yenyewe inasita.

Jumamosi zimerudi. Siku hizi gunia ni kubwa, tunakaa wawili. Injini ikishawaka anachukua bisibisi yake, anafumba macho, anasikiliza, kisha ananipa na mimi nisikilize. Kusema kweli mimi nasikia ngurumo tu. Ila nikirudisha bisibisi huwa ananiuliza, "Na wewe, mama, kuna nini?" Nimejiwekea sharti la kutojibu "hakuna kitu." Kama kipo, nakisema. Wiki iliyopita nilisema bati la jikoni bado linavuja.

Akaandika. Chini ya oili, kilomita 17,240: "Bati la jikoni. Wiki hii."

Na limewekwa, mpenzi msomaji. Jana usiku mvua imenyesha mpaka asubuhi, nami nimesongea ugali pakavu.

Mwezi huu kazi yako ni moja. Kabla hujauza, hujahama au hujanuna, tafuta daftari la mwenzako. Si lazima liwe la karatasi. Kila mtu ana mahali anapoandika yale anayoshindwa kuyasema.